Kitambaa cha Nane

Kila siku saa tisa na nusu msichana mmoja wa darasa la sita alirudi kutoka shuleni, akavua sare na kuitundika, akavaa gauni la kazi lililojaa mabaka ya rangi, kisha akasimama kwenye mlango wa nyuma na kuvuta hewa safi ya mwisho. Baada ya hapo alikunja uso na kutoka uani. Nyumbani walimwita Pua, na shuleni hivyo hivyo, kwa sababu hakukuwa na kitu ambacho hakukinusa kwanza. Maziwa yaliyolala, soksi zilizolowa, maji ya vasi ya maua ya mwalimu mkuu, vyote vilimtia kichefuchefu. Na mtoto wa aina hiyo, jamani, mama yake awe nani? Fundi wa matangi ya mafuta!

Ua mzima ulikuwa karakana. Upande mmoja yalipangwa matangi yaliyotoboka, upande mwingine yaliyokwisha kuzibwa, na katikati palikuwa na meza ya chuma ambayo hata ukiisugua kwa sabuni siku kutwa ingekuachia weusi kiganjani. Harufu ya dizeli haikutoka humo mvua wala jua. Iliingia kwenye nywele, kwenye mashuka, hata kwenye mkate. Pua aliapa kwamba akiumega mkate wa asubuhi aliisikia ikimsalimia.

Kitu kimoja tu pale uani kilikuwa safi, nacho ni waya wa vitambaa. Mama alikuwa akikata mashuka makuukuu vipande vya mraba, kisha anaketi kwenye cherehani na kukunja pindo pande zote nne, ili nyuzi zisichomoke zikaingia kwenye mafuta. Vitambaa vilikuwa vinane, si saba wala tisa, na kila kimoja kilikuwa na msumari wake kwenye waya. Mama hakufunga tangi lolote kabla ya kuita kwa sauti, "Vitambaa!" Hapo aliyekuwa akimsaidia alipaswa kuvigusa kimoja kimoja huku akihesabu. Vikitimia vinane, Mama anafunga. Visipotimia, hata mteja awe anapiga honi mpaka betri ife, tangi halifungwi.

"Kitambaa kikisahaulika ndani ya tangi, gari litakwenda vizuri mpaka pale ambapo hutaki lisimame," alizoea kusema. "Hapo ndipo litasimama."

Basi Jumamosi moja asubuhi likaingia gari la zahanati. Lilikuwa gari la porini la zamani sana, la miraba mitupu kama sanduku, taa zake ziko karibu karibu kama macho ya mtu aliyechungulia tundu la ufunguo. Umri wake ulimzidi Mama. Lilitumika kupeleka chanjo kwenye vijiji vya milimani, ambako magari mapya yenye rangi za kung'aa yalifika mara moja, yakavunjika, yasirudi tena. Dereva wake alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe chache. Watu walimwita Mzee Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, si kwa gari wala kwa miguu.

"Fundi, kizee changu kinajikojolea," alisema akishuka. "Nimekiwekea beseni njia nzima."

Mama aliinua kiti cha dereva, kwa kuwa tangi la magari yale hukaa chini ya kiti, akapitisha kidole kwenye upande wa chini. Bati likabonyea kama karatasi. Vipande vya kutu vikamdondokea kiganjani na dizeli ikafuata.

"Hili halizibiki, Mzee," alisema. "Nikilichomea hapa, litatoboka pale. Tutabadilisha tangi zima."

Mchana ule ule akaleta tangi jingine kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Lilitoka kwenye gari la aina ile ile lililokuwa limekaa miaka na miaka bila kuwashwa. Bati lake lilikuwa zima. Lakini ndani, lo! Mama alipofungua kifuniko, harufu iliyotoka ilimrudisha Pua hatua tatu nyuma. Ilikuwa harufu ya dizeli iliyooza, ndiyo, dizeli nayo huoza ikiingiwa na maji ikaachwa. Walipoliinamisha tangi, kikatoka kitu cheusi, kizito, chenye kuteleza, kama ute wa konokono aliyelala kwenye masizi. Kikamwagika kwenye beseni, plap, plap. Katikati yake mlikuwa na mjusi, au kitu kilichowahi kuwa mjusi.

"Ptuu!" Pua akatema mate. "Mama, tulitupe!"

"Tulitupe tukatie dizeli kwenye ndoo?" Mama akacheka. "Lete kokoto."

Wakatia kokoto na maji ya moto ya sabuni, wakalitikisa tangi huku na huku, Mama upande huu na Mzee Taratibu upande ule, mpaka likaunguruma. Wakamwaga, wakarudia. Mara ya sita maji yakatoka karibu meupe. Tangi likaachwa juani siku tatu likauke.

Ikabaki kazi moja, ile iliyokuwa ya Pua. Kwenye pembe za ndani ule ute ulikuwa umeganda, na maji hayakuutoa. Ilibidi itiwe dizeli kidogo ya kuulainisha, kisha mtu apitishe mkono kwenye tundu la boya la kupimia mafuta, apapase pembe zote nne na kuzifuta kwa kitambaa. Tundu lile lilikuwa dogo. Mkono wa Mama uliishia kwenye vifundo vya vidole, ila wa Pua ulipita mpaka kwapani.

Siku aliyopangiwa ilikuwa Jumatano, na Jumatano ilikuwa siku mbaya. Mchana ule darasani, msichana waliyeketi naye dawati moja alijisogeza mpaka mwisho wa benchi.

"Pua, hivi leo wamekuogesha dizeli?" aliuliza, kwa sauti ambayo ilifika mpaka nyuma.

Darasa zima likaangua kicheko. Mvulana mmoja akanyoosha mkono akasema, "Kituo cha mafuta hicho, nijazie tangi!" Pua alitamani ardhi ipasuke. Na kesho yake mpiga picha alikuwa anakuja kupiga picha ya darasa, na mwalimu alikuwa amemchagua yeye akae mbele kabisa akishika kibao cha jina la shule. Mikono yake ingeonekana kuliko uso wa mtu yeyote.

Kwa hiyo alipovaa glovu ndefu ya mpira jioni ile na kuingiza mkono tangini, aliuingiza kwa chuki. Pembe ya kwanza alifuta. Ya pili akafuta nusu nusu. Alipoinama kuifuata ya tatu, iliyokuwa mbali, dizeli chafu ikapanda juu ya glovu, ikaingia ndani, ikamteremkia mpaka kwenye vidole. Ilikuwa ya baridi, inateleza. Wakati huo huo kitu laini kikamgusa kiganja. Huenda kilikuwa kipande cha ute tu, lakini akili yake iliwaza mjusi, na mjusi mwenye ndugu zake. Akapiga ukelele mdogo na kuchomoa mkono kwa nguvu. Mkono ulitoka, ila kitambaa kilibaki ndani.

Alichungulia, akaona giza. Akainusa ile harufu, akajua kabisa kwamba mkono wake hauingii humo tena. Alikimbilia kwenye ndoo, akavua glovu, akajisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Lakini Mama angeita. Waya ulikuwa na vitambaa saba, na Pua akavihesabu tena. Ndipo akafanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulikumbuka bila kuona kinyaa. Alichukua kitambaa kikubwa kuliko vyote, akakichana katikati, akatundika nusu moja kwenye msumari wake na nusu ya pili kwenye msumari uliokuwa mtupu.

"Umepitisha mkono pembe zote?" Mama aliuliza akija na boya mkononi.

"Nimepitisha."

"Vitambaa!"

Pua akagusa na kuhesabu, "Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, sita, saba, vinane."

Mama hakugeuka hata kutazama. Aliimwaga ile dizeli chafu, akaweka mpira mpya kwenye tundu, akakaza boya, na kabla ya jua kuzama tangi lilikuwa chini ya kiti likiwa limejaa mafuta.

"Usiliache nusu tupu, Mzee," alimwagiza Mzee Taratibu. "Ukiliacha hivyo linatoa jasho ndani, jasho ni maji, na maji ni kutu. Kila Ijumaa fungua nati ya chini, mwaga kikombe kimoja cha kwanza, kisha funga. Ukifanya hivyo litakuzika."

"Halafu litanipeleka lenyewe makaburini, taratibu," mzee akajibu, wakacheka.

Picha ilipigwa. Gari likaenda vizuri Alhamisi na Ijumaa, na Pua akaanza kupumua. Kumbe ndivyo matangi yalivyo. Kitambaa kililala kwenye kona yake kikingoja milima.

Jumanne iliyofuata gari lilizima kwenye mpando. Mzee Taratibu alishuka, akafungua injini, akatoa hewa kwenye mabomba ya dizeli, akawasha likawaka. Alhamisi likazima mara nne. Kila likizima alihangaika nusu saa, na kila akipumzika kidogo linawaka, kana kwamba linamdhihaki. Alipofika kijiji cha mwisho barafu ya sanduku la chanjo ilikuwa imekwisha kuwa maji ya vuguvugu. Kina mama waliokuwa wamengoja tangu asubuhi na watoto mgongoni wakaambiwa warudi nyumbani. Chanjo zote zikatupwa.

Ijumaa alasiri Nesi Mkuu aliingia uani. Alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, na viatu vyake vyeupe alivishusha kwenye udongo ule mweusi kwa uangalifu. Mzee Taratibu alimfuata nyuma akiwa ameinamisha kichwa.

"Fundi, ulilifunga vizuri lile tangi?" Nesi aliuliza.

Mama alijifuta mikono. "Nesi, tangi hilo nililiosha mara sita. Vitambaa vilihesabiwa vinane, na vinane ndivyo vilivyo pale. Kilichotoka mkononi mwangu nakilia kiapo. Kama gari linazima, tafuteni kilichotiwa baadaye."

"Ndivyo nilivyofikiri," Nesi akasema. Akamgeukia mzee. "Kuna watu wanauza dizeli kwenye madumu kando ya barabara. Ina maji, ina mchanga, lakini ni rahisi. Mzee, nakuuliza kwa mara ya mwisho."

"Wallahi sijawahi kununua kwenye dumu, Nesi. Miaka ishirini na mbili naendesha gari hili."

"Watoto hamsini na wanne hawakuchanjwa jana. Jumatatu asubuhi utakabidhi ufunguo."

Pua alikuwa nyuma ya pipa la maji akisuuza brashi. Alisikia kila neno. Alimwona mzee akitazama ule ufunguo mkononi mwake uliokuwa umefungwa kamba nyekundu. Mzee yule alikuwa hana kazi nyingine na hakujua kazi nyingine. Neno lilimfika Pua kooni, akalimeza. Lilikuwa na ladha ya dizeli.

Jioni ile Mama alipata jambo la kumfurahisha. Alikuta ile picha ya darasa kwenye mkoba wa Pua, akaitoa, akaibandika ukutani, palepale juu ya waya wa vitambaa.

"Tazama mwanangu alivyotulia! Na mikono hiyo, nani atasema ni ya mtoto wa fundi?"

Pua aliitazama. Msichana wa kwenye picha alikuwa akitabasamu, kashika kibao kwa vidole safi kabisa, na chini yake tu vilining'inia vile vipande viwili vya kitambaa. Hapo Pua alisikia kichefuchefu ambacho hakikutokana na harufu yoyote. Alimchukia yule msichana na tabasamu lake. Chakula hakikupita, na chai aliimwaga kwenye maua.

"Unaumwa?" Mama aliuliza.

"Hapana. Harufu tu."

"Wewe na harufu!" Mama akacheka.

Jumamosi asubuhi gari likaingia tena. Mzee Taratibu alishuka haraka, naye hajawahi kushuka haraka. Mkononi alikuwa na kipande cha mpira na chupa tupu ya glasi.

"Fundi! Mimi si mwizi wala mwongo. Nataka uyaone mafuta yangu kwa macho yako."

"Ngoja nilete pampu ya mkono, Mzee," Mama alisema akielekea stoo. "Usinyonye kwa mdomo! Sumu hiyo!"

Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa arudishe ufunguo hangoji pampu. Mzee aliingiza mpira tangini, akatia ncha nyingine mdomoni, akavuta. Mashavu yakaingia ndani. Akavuta tena. Dizeli ikaja kwa ghafla kuliko alivyotarajia, ikamjaa mdomoni, ikamtoka puani. Alifanikiwa kuusukuma mpira kwenye chupa kabla hajaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akapiga magoti. Mafuta yalimchuruzika kwenye zile ndevu nyeupe, yakazigeuza njano, yakachanganyika na mate na makamasi na kudondoka kwenye shati lake la kazi alilolipiga pasi. Akatapika pale pale, kwenye udongo, mbele ya mtoto.

"Ona," alisema akitweta, akiinua chupa. "Ona, binti yangu. Si safi hiyo?"

Dizeli ndani ya chupa ilikuwa angavu kabisa, haina tone la maji.

Siku nyingine yoyote Pua angeziba pua na kukimbia. Safari hii hakukunja uso, kwa sababu uchafu ule ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeutia kwenye ndevu za yule mzee. Mama alikuja mbio, akampa mzee maji asukutue na kutema, akamkataza kujitapisha, akamketisha mgongo ukiwa umenyooka.

"Mama," Pua akasema. "Mafuta ni safi. Kitambaa kimo tangini."

"Kitambaa gani? Mbona ni vinane?"

"Ni saba. Hivyo viwili vya mwisho ni kimoja. Nilikichana."

Mama alitazama waya, akatazama picha juu yake, akamtazama mzee aliyekuwa akihema. Pua alingoja kofi, au kelele. Alitamani hata kelele.

"Kwanza mzee," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Mafuta yakiingia mapafuni yanaua. Mshike mkono huo, mimi nashika huu."

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Nesi Mkuu alimlaza mzee kitandani, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akamvalisha fulana safi, akasema atamwangalia kwa saa mbili kabla hajamruhusu. Kisha akauliza ni mpumbavu gani aliyenyonya dizeli kwa mdomo katika umri ule.

"Mwambie Nesi ulichoniambia mimi," Mama akamwambia Pua.

Ndicho kilichokuwa kigumu kuliko tangi. Pua alisimama katikati ya chumba kile kinachonukia sabuni, mahali pasafi kuliko pote alipopata kuingia, akajiona yeye ndiye takataka pekee humo ndani. Akasema yote. Glovu, dizeli ya baridi, picha, kitambaa alichokichana, na kwamba Ijumaa alikuwa nyuma ya pipa akisikia. Machozi yalimtoka, ila hakuacha neno. Mzee Taratibu alikuwa ameinua kichwa kwenye mto akisikiliza.

Nesi hakusema pole. "Nataka kukiona," alisema.

Saa mbili baadaye walikuwa uani wote wanne. Mama alilegeza nati, akayashusha mafuta kwenye pipa safi, akatoa boya. Kisha akampa Pua glovu. Pua aliivaa, akapiga moyo konde, akaingiza mkono. Baridi ikampanda, harufu ikamjaa. Akapapasa mpaka kwenye bomba la kunyonyea mafuta, na pale, kikiwa kimelizonga bomba kama mtoto aliyeng'ang'ania shingo, akakigusa. Akakivuta.

Kilitoka kikiwa kizito, cheusi, kimevaa ute mzima wa ile pembe ya tatu na ya nne. Kilining'inia mkononi mwake kikidondoka, plap, plap. Nesi, ambaye hufunga vidonda kila siku ya Mungu, aligeuza uso.

"Gari likipanda, kinanyonywa kinaziba," Mama alieleza. "Likizima, kinaachia. Ndiyo maana liliwaka kila ukipumzika, Mzee. Wewe ulikuwa sahihi, na mimi niliapa juu ya kazi yako bila kufungua tangi. Nisamehe."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. Nesi Mkuu akachomoa mfukoni ule ufunguo wenye kamba nyekundu, ambao mzee aliuweka mezani kwake alipolazwa zahanati, bila kungoja Jumatatu.

"Mzee, nilikuhukumu kwa neno," alisema. "Chukua. Jumanne tunapanda milimani, na nitakuja mwenyewe kuwaomba radhi wale kina mama."

"Na mimi nitakuja," Pua akasema. Hakuna aliyemwambia aseme hivyo.

Mzee aliupokea ufunguo kwa mikono yote miwili. Alimgeukia Pua. "Nimekasirika, binti yangu," alisema. "Sitakuficha. Kesho pengine nitakuwa nimepoa. Mimi mambo yangu yote ni taratibu."

Walipoondoka, Mama alivitoa vile vipande viwili kwenye misumari, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akamwita Pua aketi kando yake. Akavitandaza magotini.

"Tazama. Kila kitambaa changu kina pindo nne. Hivi vina tatu tatu, na upande wa nne nyuzi zinaning'inia. Hata kipofu angejua kwa kupapasa. Unajua kwa nini sikujua?"

Pua akatikisa kichwa.

"Kwa sababu aliyehesabu ni mwanangu. Angekuwa mtu mwingine ningevigusa." Mama alivikunja. "Kuona kinyaa si kosa. Hata mimi yule mjusi alinitia kinyaa. Ungesema, 'Mama, kitambaa kimeanguka na sithubutu kukitoa,' tungetafuta koleo, tungecheka, basi. Kosa dogo ukilisema mapema linaoshwa kwa maji na sabuni. Ukilificha linatafuta mtu mwingine wa kumchafua, na mara nyingi ni mtu asiye na hatia. Umeliona leo kwenye ndevu za mzee. Usilisahau."

"Sitasahau, Mama."

"Na mafuta hayanyonywi kwa mdomo, si mtoto wala mzee. Hilo nalo usilisahau."

Mchana ule Pua aliosha tangi upya kwa dizeli safi. Hakuna aliyemsaidia kulitikisa ila Mama, na pembe zote nne alizifuta mwenyewe mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kile kilichotoka tangini alikifua akakirudisha kwenye waya, na badala ya kile alichokichana akakata kwenye cherehani kitambaa kipya cha nane, akakunja pindo zake, moja ikaenda kombo, akaifumua akairudia. Juu ya waya, picha ya darasa ilikuwa bado ukutani. Aliomba ruhusa kuitoa, Mama akakataa.

Jua lilipoegemea ukuta, Mama alishika boya, akainama juu ya tangi.

"Vitambaa!"

Pua alivitoa vyote kwenye waya, akamletea mkononi.

"Angalia mwenyewe, Mama," alisema.

Alitumaini kidogo kwamba Mama angesema hapana haja. Mama aliweka boya chini, akajifuta mikono, akavipokea. Akavipitisha vidoleni kimoja kimoja, pindo baada ya pindo, vyote vinane, na Pua akasimama kando yake akingoja.